Incheon: mji ambao bahari inaondoka na kurudi

Mwezi huu tutatembea mbali kidogo. Tutavuka bahari mpaka Korea ya Kusini, kule mashariki ya Asia, tutazame mji mmoja wa bandari, jina lake Incheon. Hatutazunguka mji mzima, juu ni mkubwa sana, uko na watu wapata milioni 3. Tutashika sehemu yake ya zamani, ile iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Jung, maana yake "katikati". Kuko bandari ya kale, kilima kimoja, mtaa wa Wachina, kisha visiwa vyenye mchanga wa kuogelea.

Labda mtu atauliza: sisi watu wa shaba, bahari inatuhusu nini? Baba, tazama vizuri. Shaba yetu haikai hapa. Inapanda kamio ao treni na kwenda kutafuta maji: Dar es Salaam, Durban, Beira, Lobito. Mtu wa mgodi na mtu wa bandari wanafanana sana. Wote wawili wanaishi pembeni ya mali yenye kupita. Basi tuone wenzetu wa Incheon, mali ilipopita mbele ya macho yao miaka zaidi ya 140, wao walibaki na nini.

MAJI YANAYOTEMBEA

Mimi nilifika huko pamoja na wachungaji wengine wa Afrika. Kanisa moja la Seoul lilitualika, na mzee mmoja wa kanisa akawekwa kutuongoza. Watu walituita "moksanim", ndilo jina la heshima la mchungaji katika lugha yao. Toka Seoul mpaka Incheon ni mwendo wa saa moja hivi na treni. Ile njia ndiyo ya kwanza kabisa kujengwa Korea. Ilifunguliwa mwaka 1899. Kwetu treni ya kwanza ilifika Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville, mwaka 1910. Kwa hiyo wale si wazee wetu sana katika mambo ya reli.

Ndani ya treni kila mtu alikuwa na simu mkononi. Korea iko kati ya inchi kubwa za dunia kwa kutengeneza betri, na kobalti yenye kutoka kwetu, nyingi inasafishwa China, kisha sehemu yake inaingia katika betri za namna hiyo. Nilipomwambia mzee wetu kwamba ninatoka karibu na Kolwezi, ilibidi nimchorée ramani kwenye karatasi. Aliitazama sana, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Kitu cha kwanza cha kushangaza pale Incheon ni bahari yenyewe. Sisi tunajua maziwa: Ziwa Tanganyika, Ziwa Moero. Maji yanakaa mahali pake. Kule, bahari inaondoka. Tulipofika kwenye visiwa asubuhi, hapakuwa maji. Kulikuwa matope ya rangi ya majivu mpaka macho yachoke, na mashua za wavuvi zimelala ubavu kama ngombe waliochoka. Wamama wenye mabuti marefu walikuwa wameinama katika matope, wakichimbua chaza na kutia katika ndoo. Masaa machache baadaye maji yalirudi, mashua zikasimama, na pale walipokuwa wale wamama hapakuonekana tena. Tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokauka inaweza kufika meta 9. Ni kama nyumba yenye orofa tatu. Mtu asiyejua saa za maji asitembee mbali katika matope yale. Maji hurudi mbio na kumzunguka kutoka nyuma.

Sasa, bandari itafanya kazi namna gani mahali kama pale? Meli kubwa itakaa juu ya matope? Kwa miaka mingi meli zilisimama mbali, na mizigo ikaletwa na mashua ndogo. Kisha wahandisi walijenga beseni kubwa lenye milango. La kwanza lilimalizika mwaka 1918, na lingine kubwa zaidi mwaka 1974, ambalo linaweza kupokea meli za tani 50,000. Kazi yake ni hii: meli inaingia kati ya milango miwili, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanalinganishwa na yale ya ndani, halafu mlango wa mbele unafunguliwa. Bahari ikiondoka inje, ndani ya beseni maji yanabaki palepale. Vijana, mshike vizuri jambo hili la milango. Tutalirudia.

MLANGO ULIOFUNGULIWA KWA NGUVU

Zamani mahali hapa palikuwa kijiji cha wavuvi, jina lake Jemulpo. Wafalme wa Korea hawakutaka wageni. Lakini mwaka 1876 Japani, baada ya kuonyesha manowari zake, iliwalazimisha kutia mkono kwenye mkataba wa Ganghwa. Bandari tatu zilifunguliwa: Busan kwanza, Wonsan mwaka 1880, na Jemulpo mwaka 1883. Wageni waliingia, na kila taifa likakata kipande chake cha udongo. Wajapani walichukua chao, Wachina chao, na Wazungu na Waamerika wakapewa chao. Ndani ya kipande chake mgeni alitawala mwenyewe.

Mpaka leo iko ngazi ya mawe yenye kupanda kilima. Upande mmoja ulikuwa wa Wachina, upande wa pili wa Wajapani. Ukisimama katikati unaona kwamba hata taa za mawe za kushoto na za kuume hazifanani; kila mmoja aliweka za kwao. Mimi niliposimama pale niliwakumbuka wazee wetu wa Lubumbashi, wanaosimulia juu ya sehemu tupu iliyotenga mji wa Wazungu na cité ya watu weusi. Na Wakorea wenyewe walikuwa wapi? Walikaa pembeni ya vile vipande, wakabeba mizigo kwenye gati. Mwenye nyumba alikuwa mpagazi mbele ya mlango wake.

Banki za Wajapani zingali zimesimama. Moja ni ya mawe, ilijengwa mwaka 1899. Sasa ni nyumba ya makumbusho ya ile bandari. Magodauni ya matofali mekundu yamefanywa nyumba za wasanii tangu mwaka 2009. Niliuliza mzee wetu: "Juu ya nini hamkuvunja nyumba za watu waliowatesa?" Akajibu kwamba nyingine zilivunjwa, na hata leo watu wanabishana. Lakini mtoto asipoona banki ile kwa macho, akaambia, hataamini kwamba feza za inchi yake ziliwahi kuhesabiwa na mtu mwingine.

Tarehe 9 Februari 1904, meli za vita za Japani zilipigana na meli mbili za Urusi mbele ya mlango wa bandari. Kubwa ya Warusi iliitwa Varyag. Ilipoumizwa sana, mabaharia wake waliizamisha wenyewe ili isikamatwe. Watu wa Jemulpo waliweza kutazama kutoka kwenye kilima. Wageni wawili walikuwa wanagombea inchi ya mtu wa tatu, na huyo wa tatu hakuulizwa. Mwaka 1910 Japani iliimeza Korea yote, mpaka mwaka 1945.

MAKARONI MEUSI, NA UVUMI ULIOUA

Ukitoka kwenye gare ya Incheon, mbele yako kuko mlango mkubwa wa rangi. Ni mtaa wa Wachina. Wengi walitoka jimbo la Shandong, ngambo ya bahari ileile, wakafuata kazi ya bandari na biashara. Chakula cha pale kinaitwa jjajangmyeon: makaroni marefu yenye mchuzi mweusi wa soya iliyochachushwa, vitunguu na nyama ya nguruwe. Kilianza kama chakula cha watu wa kazi ya gati, cha kula haraka na kurudi kwenye mizigo, kama vile bukari na ndakala kwetu kwa mtu wa zamu. Leo Korea nzima inakula. Nyumba ya chakula moja ya zamani, Gonghwachun, ilifunga mwaka 1983. Mwaka 2012 nyumba yake ilifunguliwa tena kuwa makumbusho ya makaroni hayo. Tulicheka kidogo: makumbusho ya chakula! Lakini ndani yake unaona sufuria na vibakuli vya watu maskini, na unajua kwamba wanaheshimiwa.

Hata hivyo mtaa huu uko na siku mbaya ambayo nataka tuizungumze. Mwezi wa 7 mwaka 1931 gazeti la Seoul liliandika kwamba Wakorea wengi wameuawa na Wachina kule Manchuria, mahali paitwapo Wanpaoshan, juu ya ugomvi wa mfereji wa maji ya shamba. Habari haikuwa ya kweli. Ugomvi ulikuwako, lakini hakuna Mkorea aliyekufa pale. Nani alingoja kuuliza? Incheon ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuwaka. Watu walivunja mangazini za Wachina, wakapiga majirani zao. Fujo ilienda Seoul, na Pyongyang ikawa mbaya kupita zote. Katika inchi nzima Wachina zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu walikimbia. Walikuwa majirani wa miaka 40 na zaidi. Watu walikula makaroni yao.

Wandugu, sisi wa Katanga hatuhitaji mtu wa Korea kutueleza jambo hili. Walioona Likasi na Kolwezi miaka ya 1992 na 1993 wanakumbuka. Watu waliofanya kazi katika kiwanda kimoja, waliokaa kwenye benchi moja kanisani, siku moja wakatengwa kwa majina ya makabila. Familia zilikaa kwenye gare na masanduku yao majuma na majuma, zikingojea treni ya kwenda Kasai, na watoto wakafa palepale. Ugonjwa huu haujui Asia wala Afrika. Unaanza na neno ambalo mtu hakulipima. Kijana, siku hizi neno hilo linakuja kwa simu, na linafika mbio kuliko gazeti la 1931. Kabla ya kulipeleka mbele, uliza: nani aliona? Alikuwa wapi? Kama hakuna jibu, ulizime mkononi mwako.

KISIWA CHA MKIA WA MWEZI

Mbele ya bandari kuko Wolmido. Jina hilo linasemwa kuwa na maana ya mkia wa mwezi. Zamani kilikuwa kisiwa. Kisha kiliunganishwa na mji kwa njia ya udongo na mawe. Leo ni mahali pa furaha: michezo ya kuzunguka ya watoto, maduka ya samaki, na tangu mwaka 2019 treni ndogo yenye kupita juu kwa nguzo. Jumamosi jioni vijana wanajaa pale kama kwetu siku ya mpira.

Lakini ndipo ilipotokea kazi kubwa ya vita. Mwaka 1950 jeshi la Korea ya Kaskazini lilikuwa limeshika karibu inchi yote. Jenerali MacArthur wa Amerika alichagua Incheon, mahali ambapo hakuna mtu angefikiri meli zitatua, juu ya matope yale. Tarehe 15 Septemba maji yalikuwa ya juu sana. Askari wa kwanza walishuka Wolmido asubuhi maji yalipojaa. Wengine wakangoja mpaka maji ya jioni. Meli zilikuwa zaidi ya 200. Baada ya hapo Seoul ikakombolewa. Juu ya kilima, katika bustani iitwayo Jayu, maana yake uhuru, kuko sanamu ya jenerali yule tangu mwaka 1957. Wako wanaomwekea maua, na wako waliotaka sanamu iondolewe. Nilisikia wote wawili wanasemwa bila matusi.

Iko habari nyingine ambayo haikuwa na sanamu. Siku 5 mbele ya kutua, tarehe 10 Septemba, ndeke za Amerika zilimwaga napalmu, moto wa mafuta wenye kunata, juu ya Wolmido. Kijiji cha wavuvi kilikuwa pale. Watu walikuwa nyumbani mwao. Kwa miaka mingi walionusurika walisema, na hakuna aliyewasikiliza, sababu ushindi ulikuwa mkubwa na wao walikuwa wadogo. Mwaka 2008 Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Korea ilitangaza kwamba ni kweli: raia wapata 100 walikufa katika moto ule. Udongo wao ulishikwa na jeshi, na mwaka 2001 ulifunguliwa kuwa bustani ya watu wote. Wenyewe hawakurudi kujenga. Mtu anaweza kukaa chini ya miti mizuri pale, akala karanga, asijue amekaa juu ya ukumbi wa nyumba ya nani.

Hapa nilinyamaza. Nilifikiri vijiji vyetu vilivyohamishwa juu ya mgodi, na makaburi yaliyobaki ngambo ya waya. Kama mzee wa kijiji cha namna hiyo yuko katika kusanyiko lako, ukae naye siku moja na kalamu. Andika majina ya mito, ya miti mikubwa, ya waliozikwa. Watu wa Wolmido walingoja miaka 58, na kilichowasaidia ni kwamba walikumbuka.

FUKWE NA VISIWA

Tusonge mbele, tupumue hewa ya bahari. Kisiwa kikubwa ni Yeongjong. Zamani watu wake walivua samaki na kukausha chumvi. Kisha serikali ilijaza bahari kwa mawe na udongo kati ya Yeongjong na kisiwa cha jirani, Yongyu, visiwa vikawa kimoja, na juu yake ukajengwa uwanja mkubwa wa ndeke, uliofunguliwa Machi 2001. Kwa hiyo mgeni anayefika Korea na ndeke, mara nyingi anakanyaga kwanza mahali palipokuwa samaki. Tangu mwaka 2009 kuko pia daraja la Incheon, refu kuliko madaraja yote ya Korea.

Upande wa magharibi kuko ufuko wa Eulwangni, mchanga uliopinda kama mwezi mchanga, na miti ya misonobari nyuma yake. Familia zinaenda kutazama jua likizama baharini. Baba anakunja suruali, bibi yake anachoma chaza juu ya makala, watoto wanafukuza kaa wadogo. Mimi na wenzangu wa Afrika tulivua viatu. Maji yalikuwa baridi, hatukukaa sana.

Kusini yake kuko Muuido, iliyounganishwa na daraja mwaka 2019, na karibu nacho kisiwa kidogo kisicho na watu, Silmido. Maji yakikauka unavuka kwa miguu. Pale mwaka 1968 serikali ilificha vijana 31, ikawafundisha kwa ukali ili waende kumwua kiongozi wa Korea ya Kaskazini. Saba walikufa katika mafundisho. Mambo ya siasa yakabadilika, safari ikakosekana, na vijana wakasahauliwa kisiwani. Tarehe 23 Agosti 1971 waliobaki waliua walinzi wao, wakavuka mpaka Incheon, wakashika basi kwenda Seoul. Karibu wote walikufa siku ile. Wanne waliopona walihukumiwa na kuuawa mwaka 1972. Wengi walikuwa vijana maskini walioahidiwa feza na kazi nzuri. Mama mwenye kijana asiye na kazi, usiniulize juu ya nini nimekuelezea habari hii. Ahadi ya feza nyingi kwa kazi isiyotajwa jina, hata kwetu inapita mtaani, hasa mahali pa makundi ya silaha.

WALE WALIOONDOKA

Sasa tufikie habari iliyonigusa kupita zote. Tarehe 5 Aprili 1885, siku ya Pasaka, vijana wawili wa Amerika walishuka Jemulpo: Horace Underwood, Mpresbiteri, na Henry Appenzeller, Mmetodisti, pamoja na mke wake Ella. Hawakufika thelathini. Pale waliposhuka kumewekwa ukumbusho wao. Appenzeller alikufa maji mwaka 1902, meli yake ilipogongwa na nyingine. Kutokana na kazi ile kanisa la Naeri lilizaliwa palepale kwenye kilima, na lingali hai.

Mwishoni mwa mwaka ule wa 1902, wakati wa njaa, mashamba ya miwa ya Hawaii yalitafuta watu wa kazi. Watu waliogopa. Nani atatunza makaburi ya wazazi? Mchungaji wa Naeri, George Heber Jones, aliwatia moyo, na wengi katika kundi la kwanza walikuwa watu wa kanisa lake. Waliondoka Jemulpo Desemba 1902, na tarehe 13 Januari 1903 watu 102 walifika Honolulu: wanaume, wanawake na watoto. Mpaka mwaka 1905 zaidi ya 7,000 waliwafuata. Kazi ilikuwa saa 10 kwa siku chini ya jua, kwa mshahara wa dola 16 hivi kwa mwezi. Mwaka 1905 wengine wapata 1,000 walipanda meli bandarini hapo kwenda Meksiko, mashamba ya katani ya Yucatan. Mkataba wa miaka 4. Mkataba ulipoisha, inchi yao ilikuwa karibu kumezwa na Japani, na wengi hawakurudi kamwe.

Habari haikuishia hapo. Kutoka mwaka 1963 mpaka 1977 wanaume wa Korea karibu 8,000 walienda Ujerumani ya Magharibi kuchimba makaa ya mawe chini ya udongo, na wanawake zaidi ya 10,000 walienda kuwa wauguzi. Wengi wa wale wanaume walikuwa wamesoma. Hawakuwahi kuingia mgodini. Mikono yao ilipasuka kama mikono ya baba zetu. Feza walizituma nyumbani, na wadogo zao wakasoma. Inchi ambayo leo inatengeneza betri, jana ilikuwa inatuma watoto wake kuchimba katika shimo la wengine.

Lakini turudi kwa wale wa Hawaii. Kwa ule mshahara mdogo walijenga makanisa, wakafungua masomo ya watoto wao, wakachanga kwa ajili ya uhuru wa inchi yao. Vita ya Korea ilipokuwa imebomoa kila kitu, na miaka 50 tangu meli ya kwanza ilikuwa imetimia, wakafikiri: tufanye ukumbusho gani? Hawakuchonga sanamu. Feza za kuuza kiwanja na nyumba za masomo yao ya kule Hawaii, pamoja na michango mingine, zilisaidia kufungua mwaka 1954 masomo makuu ya ufundi pale Incheon, mji waliotokea. Jina lake ni Inha: "In" ya Incheon na "Ha" ya Hawaii. Leo ni iniversite kubwa. Watu waliokata miwa wameacha mahali pa kufundishia wahandisi.

Juu ya Wolmido kuko nyumba ya makumbusho ya wale waliohama, iliyofunguliwa mwaka 2008. Mzee wetu alitupeleka huko mwisho. Niliona masanduku ya safari, madogo, na sura za watu wenye kutazama bila kucheka.

MILANGO YA BESENI

Sasa, wapendwa, niliwaomba mshike habari ya milango. Bahari ya Incheon inakuja na kuondoka kila siku, na hakuna mtu anayeweza kuikataza. Waliojenga beseni hawakupigana na bahari. Waliweka milango, na maji yaliyoingia wakati wa kujaa yakabaki kusimamisha meli wakati wa kukauka.

Bei ya shaba na kobalti iko vilevile. Sisi wenyewe tumeona. Iko miaka feza inajaa, bia inamwagika, kila mmoja ananunua viti vipya. Halafu iko miaka kiwanda kinanyamaza, mishahara inakosekana miezi na miezi, baba anakaa kizingitini na mikono juu ya magoti, na mashua za nyumba nyingi zinalala ubavu katika matope. Bei inaamuliwa mbali, na watu ambao hawajui Kolwezi iko wapi. Lakini mlango wa beseni la nyumba yako uko mikononi mwako wewe na bibi yako.

Tutaje kwa majina, ili tusibaki na mifano tu. Minervali ya mtoto, ilipwe kwanza siku ya mshahara, kabla ya kitu chochote kingine, na ya msichana ilipwe sawa na ya mvulana. Kikundi cha wamama cha kuwekeana feza, kiwe na daftari na kisomewe wazi. Kiwanja chenye karatasi zake. Ufundi wa pili kwa kijana mwenye kuchimba: useremala, kushona, umeme, shamba la mahindi. Na kwa kusanyiko zima, masomo mazuri, hata kama yataanza na chumba kimoja cha matofali mabichi. Wakata miwa wa Hawaii walikuwa na dola 16.

Usiku huu, baada ya chakula, baba na mama waite watoto na waulize jambo moja: mgodi ukifunga kesho, katika nyumba hii maji gani yatabaki? Msikilize na watoto pia, juu mara nyingi wanajua kuliko tunavyofikiri. Kisha chagueni mlango mmoja tu, mwanze kuujenga mwezi huu.